Kidari cha Nakundwa

Hapo zamani, si zile zamani za wanyama kusema, bali zamani za karibu ambazo bibi zenu bado wanazikumbuka, palikuwa na kijiji mlimani kilichoitwa Mkongea. Juu kulikuwa na migomba na ukungu. Chini kulikuwa na njia ya mawe iliyoshuka hadi bondeni, na huko bondeni kulikuwa na hospitali. Kushuka kulichukua nusu siku. Kupanda kulichukua siku nzima, na kama una mzigo, siku nzima na machozi kidogo.

Watu wa Mkongea walikuwa na desturi mbili. Zishikeni tangu sasa, kwa maana mtazihitaji mwishoni.

Desturi ya kwanza ilikuwa ya nyama. Mtu akitendewa jambo kubwa, alichinja mbuzi wa shukrani. Mguu ulikwenda kwa wajomba, shingo kwa vijana, ini kwa wazee wasio na meno. Lakini kidari, yaani ile nyama ya kifuani pamoja na mifupa yake, kilichomwa kizima na kupewa mtu mmoja tu, yule aliyetenda lile jambo. Kidari hakikatwi. Walisema ukikikata umekata shukrani, na shukrani iliyokatwa haiungi tena.

Desturi ya pili ilikuwa ya hofu. Mtu mwenye kifafa hakula sahani moja na wengine. Waliamini ugonjwa ule hupita kwenye mate na kwenye chakula kilichoguswa. Nyumba yenye mtu wa kifafa haikuchumbiwa binti. Watu wa Mkongea hawakuwa wabaya. Waliambiwa hivyo na mama zao, na mama zao waliambiwa na mama zao, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Basi katika kijiji hicho aliishi mwanamke mfinyanzi, jina lake Nakundwa. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi na havikupasuka motoni. Mumewe aliitwa Elisamia, mkulima wa tangawizi, mtu wa maneno machache. Mama wa Elisamia aliitwa Naetwe, mtu wa maneno mengi. Ndani ya nyumba hiyo alikuwamo pia Nanzia, binti wa mwisho wa Naetwe, ambaye alikuwa amepata mchumba, na wazee wa mchumba walikuwa wanatarajiwa kuja kujitambulisha.

Na jirani yao, ng'ambo ya ua wa mchongoma, aliishi Mbonea, mkata nyama. Kwenye harusi, Mbonea. Kwenye matanga, Mbonea. Kisu chake kilipita kwenye kiungo bila kugusa mfupa, na hakuna aliyelalamika kwamba amepunjwa. Watoto walipomwona na kisu chake kwenye ala, walijua siku hiyo kuna nyama.

Siku moja Nakundwa alikwenda kuchimba udongo. Ukingo wa shimo ukamwangukia mguu wa kulia, na jiwe juu yake. Walimbeba kwa machela hadi bondeni. Madaktari walijaribu wiki mbili, kidonda kikaoza, mwisho wakamkata mguu chini ya goti. Kigutu kilipona vizuri. Mshono ulikuwa mzuri kama ukingo wa chungu. Elisamia alipewa ule mguu ukiwa umefungwa kwenye shuka, akaenda kuuzika mgombani, kisha akampandisha mkewe nyumbani.

Watu wakaja kutoa pole. "Umepona, mama. Mungu ni mwema."

Nakundwa akasema, "Ndiyo, ni mwema. Lakini vidole vinaungua."

"Vidole vipi?"

"Vya mguu wa kulia."

Watu wakatazamana. Mguu wa kulia ulikuwa mgombani.

Lakini ni kweli, viliungua. Ilikuwa kama mtu ameshika kaa la moto na kulipitisha kwenye vidole, kidole kimoja kimoja, kisha anarudia. Wakati mwingine alihisi vidole vimekunjwa na kubanwa, naye hana namna ya kuvikunjua, kwa sababu havipo. Alilia asubuhi, akalia mchana. Udongo wake ulikauka chini ya gunia lenye maji. Alimeza vidonge vya maumivu vya dukani mpaka tumbo likamuuma, na mguu usiokuwepo ukaendelea kuuma.

Naetwe akafikiri, kisha akamwita mwanawe.

"Elisamia, uliuzikaje ule mguu?"

"Nilichimba shimo, nikauweka, nikafukia."

"Vidole vilitazama wapi?"

"Mama, mimi nijuaje vidole vilitazama wapi?"

"Ndiyo hayo! Umemzika mwenzio amekunjwa kama kuku wa kuchoma, halafu unauliza kwa nini analia. Chukua jembe."

Elisamia akachukua jembe. Akaufukua mguu, akaunyosha, akauzika upya kwa heshima, vidole vikitazama juu. Naetwe akarudi ndani. "Sasa je, mwanangu?"

Nakundwa alimpenda mama mkwe wake, basi akasema, "Sasa afadhali, mama." Akasema afadhali siku mbili. Siku ya tatu akapiga kelele hadi mbuzi wakakimbia.

Ndipo akaapa mbele ya watu wote wa nyumba na jirani zake. "Atakayenizimia moto huu, nitamchinjia yule beberu wangu mweupe, na kidari ni chake. Hata awe nani."

Wakamteremsha tena hospitali.

Wodini wagonjwa wengine walimcheka. Mmoja alisema, "Basi na mimi jino nililong'oa mwaka juzi linauma." Mwingine akauliza kama ule mguu unasikia na njaa. Mganga mkubwa wa hospitali alipita, akatazama kigutu, akasema, "Kimepona. Huyu hana maumivu, ana huzuni. Mpeni vidonge vya kawaida arudi nyumbani."

Lakini palikuwa na daktari mmoja kijana aliyetoka mbali, kusini huko, jina lake Sekela. Daktari Sekela hakuondoka na wenzake. Alivuta kigoda, akaketi.

"Mama, niambie. Unaumwa wapi?"

"Ukiniambia nina wazimu, daktari, sitakasirika. Nimezoea."

"Sijasema una wazimu. Nimeuliza unaumwa wapi."

Nakundwa akanyoosha kidole, akaonyesha mahali patupu kwenye shuka. "Hapa. Kidole gumba, na hiki kinachofuata. Panaungua, halafu panapigwa kama na umeme."

Daktari Sekela akatazama pale patupu kwa muda mrefu, kama anauona ule mguu. Kisha akasema, "Ninakuamini."

Nakundwa akalia. Tangu akatwe mguu, hilo lilikuwa neno la kwanza lililompunguzia maumivu.

"Sikiliza, mama. Ndani ya mguu kuna mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kichwani. Mguu ulipokatwa, nayo ilikatwa. Lakini ncha zilizobaki hazijui kwamba mguu umekwenda. Zinapiga kelele, 'Tunaungua! Tunaungua!' Na kichwa kinaziamini. Vidonge vya kawaida havisikilizwi na mishipa hiyo. Ipo dawa nyingine. Nisikufiche, bora uisikie kwangu kuliko kwa mtu wa njiani: ni dawa ya kifafa."

Nakundwa akajivuta nyuma. "Mimi sina kifafa!"

"Huna. Lakini kifafa ni nini? Ni mishipa ya kichwani inapiga kelele yote kwa pamoja. Dawa hii huinyamazisha. Inayojua kunyamazisha kelele za huko hunyamazisha na za huku. Tutaanza kidogo, tutapandisha polepole. Utasinzia, kichwa kitakuwa chepesi, usitembee peke yako. Na jambo moja ulishike kama unavyomshika mtoto: usiiache ghafla. Ukitaka kuiacha, njoo tushuke ngazi pamoja."

Daktari Sekela akaenda kwa mganga mkubwa, akamwambia analotaka kufanya. Mganga mkubwa akasema, "Unampa dawa ya kifafa mtu asiye na kifafa, kwa mguu usiokuwepo?" Wauguzi wakacheka. Daktari Sekela hakucheka. Alileta kitabu, akakifungua, akasimama pale mpaka mganga mkubwa alipovaa miwani na kusoma. Alisoma kurasa mbili, akavua miwani, akasema, "Haya. Lakini ni juu yako."

"Ni juu yangu," akasema Daktari Sekela.

Nakundwa akapanda mlimani na vidonge kwenye bahasha. Alimwambia mumewe ukweli wote. Kwa mama mkwe alisema tu, "Ni dawa ya mishipa," na huo haukuwa uongo.

Naetwe hakujua kusoma, wala saa hakuwa nayo. Lakini alichukua vibakuli vitatu vidogo vya udongo, akavipanga kwenye dirisha, akaweka ndani maharage mekundu. Kengele ya shule ilipolia, kidonge kimoja, harage moja linahama. Jua lilipofika kwenye kizingiti, kidonge, harage linahama. Mbuzi waliporudi, kidonge, harage linahama. Hakukosea hata mara moja. Nakundwa aliposinzia kama mlevi, Naetwe alimwegemeza. Alipotaka kwenda uani, Naetwe alikuwa ndiye mguu wake wa kulia.

Wiki ya kwanza, moto haukupungua. Wiki ya pili, Nakundwa akasema, "Mama, leo limekuwa kaa, si moto." Naetwe akamtazama kwa shaka, maana alikumbuka ile afadhali ya siku mbili. Wiki ya tatu Nakundwa akaomba udongo. Akaketi, akafinyanga kibakuli cha nne, kidogo, kimepinda kidogo upande mmoja, naye akakishika kama mtu aliyejifungua. Naetwe akapiga kigelegele kilichovuka ua wa mchongoma.

Sasa tazameni jinsi mambo yanavyoharibika siku za furaha.

Siku iliyofuata alikuja mama mmoja kutoka kijiji cha pili kumjulia hali. Akaiona bahasha dirishani, akamimina vidonge mkononi, akavigeuza.

"Hivi navijua. Ndivyo anavyomeza mtoto wa dada yangu. Yule wa kifafa."

Naetwe akavitazama vidonge, akayatazama maharage yake. Wiki tatu alikuwa amemlisha mkwe wake dawa ya kifafa kwa mkono wake mwenyewe. Na wazee wa mchumba wa Nanzia walikuwa wanakuja Jumamosi.

Mgeni alipoondoka, Naetwe alichukua bahasha, akaenda chooni, akaitumbukiza. Choo kilikuwa kirefu, Elisamia alikichimba vizuri.

Nakundwa alipouliza, Naetwe akamjibu, "Dawa ya kifafa haikai kwenye nyumba yangu. Ukiumwa, utaumwa kama mtu mzima. Lakini binti yangu hatakosa mume kwa ajili ya bahasha."

"Mama, daktari alisema nisiache ghafla!"

"Daktari ana binti wa kuoza Mkongea?"

Siku ya pili baada ya hapo, moto ukarudi, tena ulirudi na ndugu zake. Nakundwa alitokwa jasho, akatetemeka, hakushika chakula. Akakivunja kile kibakuli kilichopinda, si kwa hasira, alikishika tu, kikamtoka mkononi. Elisamia alitaka kushuka kuifuata dawa. Naetwe akasimama mlangoni. "Ukiileta hapa, mimi ninahama." Mwana na mama wakapandishiana sauti uani mpaka watu wakasimama njiani kusikiliza.

Ndipo Mbonea akatokea kwenye pengo la ua. Alikuwa anatoka kuchinja mahali, kisu bado kiko kwenye ala. Akasema, "Jirani, hodi."

"Karibu, jirani, lakini leo hapana pazuri."

"Nimesikia. Naomba nikuulize, Bibi Naetwe. Kwenye harusi ya Elisamia, nyama alikata nani?"

"Wewe."

"Ulikula?"

"Nilikula. Kwa nini nisile?"

"Msiba wa marehemu mume wako?"

"Wewe, Mbonea. Sema unachotaka."

Mbonea akatia mkono kifuani, akatoa kopo la ugoro. Kijiji kizima kililijua kopo lile, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akipiga chafya. Akalifungua. Ndani hapakuwa na ugoro. Palikuwa na vidonge vyeupe.

"Miaka kumi na minane ninavimeza. Ninakwenda kuvichukua hospitali ya upande wa pili wa mlima, ambako hawanijui. Mara ya mwisho kuanguka, binti yako Nanzia alikuwa bado hajaota meno. Miaka kumi na minane mmekula kutoka mkononi mwangu. Nani kati yenu ameanguka?"

Walikuwapo watu kama ishirini uani na njiani, na wote waliwahi kula.

"Dawa hii si aibu, Bibi Naetwe. Mimi nilikosea kuifanya aibu. Mpe mtoto wa watu dawa yake."

Akafunga kopo, akarudi kwake kupitia lile pengo. Na wote waliomwona wanasema alitembea polepole, kama mtu aliyetua mzigo na hajazoea wepesi.

Naetwe akaketi chini. Kisha akainuka, akajifunga khanga kiunoni, akachukua kibuyu cha maji.

Elisamia akasema, "Mama, nitakwenda mimi."

"Wewe uliitupa?"

"Hapana."

"Basi kaa na mkeo."

Ilikuwa mvua za masika. Njia ya mawe ilikuwa imegeuka mto. Naetwe alikuwa na miaka sitini na kitu, na magoti yake yalikuwa na miaka zaidi ya hiyo. Alishuka, na alipoteleza alishuka kwa makalio. Alifika hospitali amejaa matope mpaka kwenye nyusi, akamkuta Daktari Sekela, akamwambia mbele ya wagonjwa wote kwenye benchi, "Mimi ndiye mjinga niliyetupa dawa chooni. Nikaripie upesi, halafu unipe nyingine."

Daktari Sekela hakumkaripia. Aliuliza siku ngapi zimepita, akahesabu, akamweleza kuanza tena kidogo kidogo. Naetwe alimwambia arudie mara tatu, akahesabu kwa maharage aliyokuja nayo mfukoni. Kisha akaifunga dawa kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kifuani, akaanza kupanda mlima siku hiyohiyo, akafika kesho yake. Mahali pengine alipanda kwa magoti. Ndugu zangu, sisemi hivyo kuipamba hadithi. Ngozi ya magoti yake ilibaki mlimani.

Vibakuli vikarudi dirishani. Maharage yakahama. Jumamosi wazee wa mchumba walikuja, wakaviona vibakuli, wakauliza. Naetwe akawaambia, "Ni dawa ya kifafa. Mkwe wangu anaimeza kwa ajili ya mguu. Nyama mnayokula hivi sasa imekatwa na Mbonea, naye anaimeza kwa ajili ya kichwa. Kama mnaondoka, ondokeni kabla ya chai, sukari ni kidogo." Wawili waliacha kutafuna. Mzee wa tatu, baba wa mchumba, aliuliza kama chai ina tangawizi. Nanzia akaolewa.

Moto wa Nakundwa ukashuka, ukawa kaa, kaa likawa jivu la vuguvugu. Haukuisha wote. Siku za baridi kidole gumba kilimnong'oneza. Lakini alifinyanga, alicheka, alijifunza magongo, akatembea hadi kisimani na kurudi. Baada ya miezi mingi Daktari Sekela alimpunguzia dawa, ngazi kwa ngazi, mpaka akaiacha, na mguu ukanyamaza.

Na Mbonea je? Wiki moja baada ya ile Jumamosi ya wazee wa mchumba kulikuwa na ubatizo kwa jirani. Nyama aliitwa kukata mtu mwingine. Kisha harusi, mtu mwingine. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walimwamkia, walimkaribisha, ila kisu hawakumwita nacho. Alipokwenda kwenye shughuli alibeba sahani yake mwenyewe kwenye mfuko, asimpe mtu kazi ya kufikiri.

Siku ya kutimiza nadhiri ikafika. Beberu mweupe akachinjwa. Aliyekata nyama alikuwa binamu wa Elisamia, na aliikata kama anayepasua kuni, watu wakatema vipande vya mifupa. Lakini kidari kilitolewa kizima, kikachomwa kizima, kikawekwa kwenye bakuli kubwa alilofinyanga Nakundwa mwenyewe. Daktari Sekela alipanda mlimani, akafika amechoka, viatu mkononi. Naetwe aliketi mbele. Mbonea aliketi nyuma na sahani yake, mpaka Nakundwa alipomwita kwa jina, naye akaja mbele akaketi na wenzake.

Mjomba wa Elisamia, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, akasema, "Nakundwa aliapa. Kidari ni kimoja, na hakikatwi. Anayekidai aseme."

Naetwe akaanza kabla ya mtu kukohoa.

"Nakidai mimi, wala sioni aibu, maana nimekisikia harufu tangu asubuhi. Daktari alitoa dawa, nashukuru. Dawa ikikaa hospitali inamponya nani? Nani aliisimamia asubuhi, mchana na jioni? Nani alikuwa mguu wake? Nani alishuka kwenye mvua na kupanda kwa magoti?"

Sauti ikatoka nyuma, "Na nani aliitupa chooni?"

Watu wakacheka. Naetwe hakucheka. "Mimi niliitupa. Kila mtu hapa ametupa kitu chooni maishani mwake. Nionyeshe aliyekwenda kukifuata."



Daktari Sekela akasema, "Mimi ni mgeni, na wazazi wangu walinifundisha mgeni asigombee nyama. Lakini nitasema, msije mkadhani daktari amefanya kazi yake tu. Kabla ya mama Nakundwa, watu wawili walinieleza maumivu kama yake, mmoja mkono, mmoja mguu. Niliwaambia kiungo hakipo, wanyamaze. Walikwenda kwao na moto wao. Baada yao nilisoma kila nilichopata, kwa sababu nilikuwa na aibu. Mama huyu alipokuja, nilisimama mbele ya mkubwa wangu na kusema ni juu yangu. Kama angedhurika, leo nisingekuwa daktari. Bila kuijua dawa, Bibi angefuata nini kwenye mvua? Na Baba Mbonea angetetea nini?"

Watu wakasema, "Kweli."

Ikafika zamu ya Mbonea. Akawa anaigeuzageuza sahani yake hadi mjomba akamwambia, "Sema, bwana, nyama inapoa."

"Mimi sina la kudai kwenye mguu wa Nakundwa. Sikuijua dawa yake, sikuibeba. Nilifungua kopo tu."

Nakundwa akasema, "Baba Mbonea, sema yote."

"Basi nitasema. Daktari angeweza kupoteza kazi, lakini hakuipoteza. Bibi Naetwe alipoteza ngozi, na imeota tena. Mimi nilipoteza kisu. Nilijua nitakipoteza kabla sijavuka ua. Nilisimama pale kwenye pengo, nikasikia mtoto wa watu analia, nikahesabu harusi zote ambazo sitaitwa. Kisha nikavuka."

Mjomba akakunja uso. "Lakini ulituficha, Mbonea. Miaka kumi na minane ulitulisha bila kutuambia. Kama ungesema mapema, Naetwe asingeogopa bahasha, na dawa isingetupwa. Huoni kosa lako limo humo humo kwenye wema wako?"

"Naliona," akasema Mbonea. "Na wewe nikuulize. Ningesema mapema, mngenipa kisu?"

Mjomba akatazama vidole vyake, ambavyo vilikuwa na mafuta ya nyama iliyokatwa vibaya.

Nakundwa akainuka. Akaweka gongo moja chini, akabaki na moja kwapani, akaliinua lile bakuli kwa mkono wa pili na kulikumbatia kifuani. Hakumruhusu Elisamia amsaidie. Wale watatu waliketi mbele yake bega kwa bega: aliyeijua dawa, aliyeifuata, na aliyefungua kopo. Walikuwa karibu hata hatua tatu zingemfikisha kwa yeyote. Akapiga hatua ya kwanza. Akapiga ya pili. Binamu aliyekata nyama akakificha kisu nyuma ya mgongo wake, sijui kwa nini.

Mimi ninaishia hapo, na hatua ya tatu ninawaachia ninyi. Bakuli ni zito, kidari ni cha moto, na Nakundwa amesimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo msimcheleweshe. Je, nani alistahili?